Kinachooza Ndani ya Faiba

Mwaka huu nimekabidhi funguo za karakana. Mikono bado ina nguvu, lakini kifua hakitaki tena vumbi la faiba na daktari amesema basi. Kabla sijakaa barazani moja kwa moja, nataka kuliandika jambo ambalo sisi mafundi wa boti, kutoka Shimoni hadi Malindi, tumeligombania miaka nenda miaka rudi: boti ya faiba ikioza ndani, ipasuliwe au ipigwe sindano?

Nilizaliwa Matondoni, kisiwani Lamu, ambako mtoto hulijua taruma kabla ya kujua kusoma. Baba aliunda majahazi. Kazi hiyo ilipopungua nikateremka Mtwapa, ambako boti za kuvulia sulisuli hupandishwa nchi kavu kusi ikianza kuvuma. Hapo ndipo nilipomkuta mzee wa Kibajuni aliyenifundisha faiba. Hakumpa mtu girenda kabla hajamfundisha kugonga.

Alikuwa na nyundo ndogo ya kichwa cha plastiki. Aligonga boti mahali pote, kwa nafasi ya vidole vinne vinne, sikio likiwa karibu na ubavu. Faiba nzima hutoa mlio mkali, mkavu. Tabaka zikiwa zimeachana, au mbao ya ndani ikiwa imelowa, mlio huwa mzito na hufa papo hapo. Kila alipousikia huo alitia alama ya chaki, bila kusema neno.

Watu husema faiba haiozi. Ni kweli, na ndicho kinachowaponza. Boti nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zina faiba nje na ndani, lakini katikati mna mbao: plaiwudi kwenye tezi ili kubeba mashine, stringa za mbao zilizovikwa faiba chini ya sakafu, na baadhi ya sitaha zimejazwa balsa. Maji huingilia kwenye tundu la skrubu ambalo mtu hakuliziba alipofunga ngazi au taa. Yakishaingia hayana pa kutokea.

Boti ninayoikumbuka zaidi ililetwa kwa sababu ya ufa mwembamba kwenye jelikoti, yaani tabaka la nje kabisa la faiba, pembeni mwa tezi. Mwenyewe alitaka uzibwe na kupigwa rangi kabla ya kaskazi. Mzee akagonga. Chaki ikaanzia kwenye ufa, ikavuka tezi yote, ikaingia ndani na kuifuata stringa ya kulia kuelekea omo.

"Bwana, hii si kazi ya rangi," akamwambia.

"Lakini fundi, tezi hii ilitengenezwa juzijuzi tu."

"Basi tuitazame hiyo kazi."

Akatoboa upande wa ndani kwa drili ya milimita 5. Mbao nzima hutoa unga mkavu, mweupe. Pale lilitoka tope jeusi, kisha maji ya kahawia yakachuruzika hadi sakafuni. Tulipokata ngozi ya ndani, plaiwudi ilitoka kwa mkono, laini kama mkate uliochovywa chai. Na ndani ya uozo ule tukakuta madonge ya resini yamepangwa safu, magumu na safi, kila moja peke yake. Hiyo ndiyo sindano. Karakana iliyotangulia ilitoboa matundu, ikamimina resini, ikafunika kwa fila ya magari na kupiga rangi. Mwenyewe alilipa bei ya tezi mpya.

Mbao iliyoshiba maji haina nafasi ya resini. Resini huganda palepale ilipomiminwa, na uozo huendelea kuizunguka. Kutoka kwenye tezi maji yalikuwa yameteremka na kufuata stringa. Ganda la faiba lilikuwa limesimama, ndani hamna mbao ya kushikilia chochote.

Tuliiacha ngozi ya nje kwa kuwa ilikuwa nzima, tukachimbua kila kilicholowa, tukakausha kwa taa chini ya turubai, maana masika haina huruma na resini. Tukagandisha mapande mawili ya plaiwudi ya baharini kwa epoksi. Kisha kingo. Faiba ya zamani ilishaganda, haichanganyiki tena na mpya. Mpya huishikilia kwa juu tu, kwa hiyo eneo la kushikana lazima liwe pana. Mzee alitaka mteremko wa 12 kwa 1: faiba ya milimita 6 isagwe milimita 72 kutoka ukingoni. Kila tundu la bolti tulilitoboa kubwa kuliko bolti, tukalijaza epoksi, likakauka, ndipo tukatoboa upya katikati yake. Bolti haikugusa mbao kabisa.

Vijana, hili nawaambia kwa uchungu, kwa sababu nimeona macho yakiharibika. Hadina, dawa ya kugandisha resini ya poliesta, ikiingia jichoni inaweza kukupofusha, vaa miwani. Msiimimine kwa kukisia, asilimia 1 hadi 2 ya resini inatosha. Na msiichanganye kamwe moja kwa moja na kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda: hulipuka. Kobalti huingia kwenye resini kwanza, ikakorogwa vizuri, hadina baadaye. Barakoa si mapambo. Mimi kifua changu nakijua.

Wenzangu wa sindano hunijibu kwamba mvuvi hana pesa za kupasua tezi. Nimetoka kwa wavuvi, najua hali zao. Lakini ni huyohuyo mvuvi atakayekuwa kwenye mkondo wa Pemba, mawimbi yakimpiga, na mashine ikining'inia kwenye tezi isiyo na kitu ndani. Mwonyeshe lile tope lililotoka kwenye drili, mtajie bei kabla hujakata, naye aamue akiwa anajua. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo, mkatie tezi kusi hii na stringa kusi ijayo, na katikati avue karibu na pwani kwa mashine ndogo. Nimefanya hivyo kwa wavuvi wa Shimoni na wa Takaungu, na wamenilipa hadi shilingi ya mwisho.