Sinema Njema Katika Nyumba ya Muislamu



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu tulio walimu wa vyuoni hatulitaji ila kwa kulilaani, nalo ni sinema. Hatukuja kutoa fatwa. Masheikh wetu wamekwisha kusema mengi juu ya picha na muziki, na wamehitilafiana, na elimu yetu sisi ni ya chuoni na ya darasa la saba tu. Tumekuja kusimulia yaliyotufika nyumbani kwetu, na mwenye kunufaika anufaike.

Sisi tunakaa Mtumba, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Zamani hapa palikuwa ni mahali pa ng'ombe, uwele na mtama. Tangu Mji wa Serikali ulipozinduliwa hapa tarehe 13 Aprili 2019, mambo yamegeuka: barabara za lami, majengo ya wizara, wageni kutoka kila mkoa, na umeme katika nyumba ambazo hazikuujua. Leo ni nadra kuikuta nyumba isiyo na kioo. Kama si televisheni ukutani, basi ni simu mkononi mwa kijana. Ukipita uchochoroni baada ya Isha, huisikii tena hadithi ya bibi kwa wajukuu. Wasikia milio ya bunduki na vilio vya michezo ya mapenzi.

Dawa yetu sisi kwa maradhi haya ilikuwa moja tu: "Zima!" Lakini amri hii ya baba nguvu yake ni ya saa moja. Baba akitoka kwenda msikitini, kioo huwashwa tena. Na kikivunjwa, mtoto huenda banda la video kwa shilingi zake chache, akaona huko mabaya zaidi ya yale aliyokatazwa nyumbani.

Basi mwaka juzi, mwezi wa Desemba, binti yetu ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi alikuja likizo, na kompyuta yake ya kukunja begani. Usiku mmoja baada ya chakula alituambia, "Baba, miaka yote umetukataza mabaya, wala hukukosea. Lakini mazuri hukutuonyesha ni yapi. Nakuomba usiku mmoja tu, ukae nasi mpaka mwisho. Ukiona lisilofaa, mimi mwenyewe nitazima."

Tulikubali kwa moyo mzito, kwa kuwa aliomba kwa adabu. Mama wa watoto wetu alitandika mkeka, akafunika vyombo, na wajukuu wakakaa mbele.

Picha ile ilitengenezwa Irani mwaka 1987 na marehemu Abbas Kiarostami, na jina lake kwa lugha yetu ni Nyumba ya Rafiki Iko Wapi. Haifiki saa moja na nusu. Hamna ndani yake bunduki wala mwanamke aliyevua stara. Lugha ni Kiajemi, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo binti yetu alikuwa akitufasiria, kama wafanyavyo wale wafasiri wa mabandani, illa yeye hakuongeza chumvi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mwalimu wa shule ya kijiji kiitwacho Koker amkuta mtoto mmoja, Nematzadeh, ameandika kazi yake katika karatasi badala ya daftari. Amkemea mbele ya wenzake mpaka mtoto alia, na ampa onyo: ukirudia tena, utafukuzwa. Jioni rafiki yake aitwaye Ahmad afungua mkoba nyumbani na kuona kwamba daftari la mwenzake amelichukua yeye kwa kukosea, maana yafanana. Amwambia mama yake. Mama hasikii, amtuma mkate. Babu yake naye amtuma sigara hali ya kuwa anazo, ati mtoto apate adabu ya kutumwa. Basi Ahmad akimbia mlima na bonde mpaka kijiji cha pili kutafuta nyumba ya rafiki yake, na giza linaingia, na nyumba haioni. Mwisho arudi kwao, akeshe, amwandikie mwenzake ile kazi kwa mkono wake.

Wajukuu walitulia kimya, hata yule mdogo asiyetulia. Picha ilipokwisha wakasema, "Babu, yule mwalimu mbaya!" Sisi hatukujibu. Mama wa watoto wetu alitutazama, akainuka kwenda kukoka moto ambao haukuwa na haja ya kukokwa.

Ndugu wasomaji, tutawaeleza sababu. Katika chuo chetu palikuwa na mtoto wa miaka kumi, mwenye sauti nzuri ya kisomo. Mara tatu alikuja bila ya juzuu yake. Mara ya tatu tulimsimamisha mbele ya wenzake tukamwambia, "Ukija tena mikono mitupu, usije kabisa." Hakuja tena. Nasi tulidhani ni uvivu, tukaliacha jina lake katika daftari mpaka mwaka ulipogeuka, kisha tukalifuta. Ukweli ni kwamba hatukwenda kwao hata siku moja kuuliza, hali ya kuwa kutoka barazani kwetu mpaka kwao si mwendo wa robo saa.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kesho yake baada ya sala ya Alasiri tulikwenda. Tulimkuta bibi yake akipepeta uwele. Akatukaribisha kigoda, akasema, "Maalim, juzuu ililowa mvua ya paa ikawa uji. Mtoto aliona haya kusema kwamba hatuna ya kununua nyingine." Tukauliza, yuko wapi? Akasema yuko Kibaigwa kwa mjomba wake, abeba mizigo kwenye soko la mahindi.

Tulipanda basi Jumapili iliyofuata. Tulimkuta katikati ya magunia, amerefuka, vumbi la mahindi nyusini. Alitupa shikamoo, kisha akaificha mikono nyuma, kama vile angali mbele ya chuo na hana juzuu. Sisi tuliokuwa tumeandaa maneno njiani kote hatukuwa na neno. Tulimpa juzuu mpya tukamwambia, "Mwanangu, kosa lilikuwa letu." Mjomba wake alituahidi kumrudisha msimu utakapokwisha. Misimu miwili imepita, hata tunapoandika haya hajarudi. Kila Ijumaa usiku twampigia simu, naye atusomea kwa moyo. Amefika Surat Naba-i. Sauti imeanza kukomaa.

Haya ndiyo yaliyotufanya tuache kusema "Zima" tu, tuanze kuuliza, "Ni picha gani?"

Wala tusidhani sinema ya mafunzo ni kitu kigeni kwetu. Katika nchi hii, kati ya mwaka 1935 na 1937, palikuwa na kituo Vugiri, katika vilima vya Tanga, kilichotengeneza picha za kuwafundisha watu akiba, kilimo na afya, nazo zilionyeshwa vijijini kwa gari. Na miaka ya mwanzo ya 1950 marehemu Mzee Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika, aliigiza katika picha za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Tulio wakubwa twakumbuka shuka jeupe likitundikwa uwanjani na kijiji kizima kukaa chini.

Tangu usiku ule tumetazama picha nyingi, na hizi twazitaja kwa kuwa wengi hawazijui, na mabandani hazionyeshwi.

Ya kwanza ni Watoto wa Peponi, ya Majid Majidi, ya mwaka 1997. Mtoto aitwaye Ali apoteza viatu vya dada yake Zahra, na baba yao hana fedha. Wakubaliana wavae jozi moja kwa zamu: dada asubuhi, kaka mchana, na kupokezana njiani kwa mbio. Kisha Ali aingia mashindano ya kukimbia, ataka awe wa tatu, kwa kuwa zawadi ya wa tatu ni viatu. Hapa kwetu ambapo shule nyingi zimejua zamu ya asubuhi na ya mchana, watoto hawakuhitaji kufasiriwa. Mjukuu wetu mmoja kesho yake alipangusa viatu vyake bila ya kuambiwa.

Ya pili ni ya mtengenezaji huyo huyo, ya mwaka 1999, iitwayo Rangi ya Mungu. Mtoto kipofu, Muhammad, asoma katika shule ya wasioona Teheran. Likizo ikifika, baba yake mjane achelewa kuja kumchukua, na akija awaomba walimu wabaki naye, kwani amwonea haya na ataka kuoa. Mtoto yeye asoma kokoto na masuke kwa vidole vyake, kama asomavyo maandishi ya nukta. Picha hii yatuhusu sana sisi wa nchi ya kati, ambako vikope vimepofusha watu wengi, na ambako Buigiri, mbele yetu kwenye barabara hii hii, ipo shule ya wasioona tangu miaka mingi. Bado wapo wazazi wanaomficha mtoto asiyeona ndani ya nyumba. Na wakumbuke kwamba Surat Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu, na kipofu huyo huyo, Ibn Umm Maktum, alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume, sala na salamu zimfikie.

Ya tatu ni Safari Kubwa, ya Ismaël Ferroukhi, ya mwaka 2004. Mzee Mmoroko akaaye kusini mwa Ufaransa ataka kwenda Hija kwa gari, na mwanawe kijana ndiye dereva. Baba asema Kiarabu, mwana amjibu Kifaransa. Wapita nchi baada ya nchi, na sehemu ya mwisho imepigwa Makka yenyewe. Wazazi wa Dodoma wasemao Kigogo, na kujibiwa na watoto wao kwa Kiswahili cha mjini, wataiona nafsi yao humo. Lakini mna mahali kijana alewa. Kwa hiyo ni ya wakubwa na vijana waliobaleghe, na mzazi awepo.

Na katika za kwetu, ipo T-Junction ya Amil Shivji, ya mwaka 2017. Binti aitwaye Fatima afiwa na baba yake ambaye hawakuwa karibu, na huzuni haimjii. Hospitalini akutana na Maria, na masimulizi ya Maria yamfungua moyo. Mtengenezaji huyo huyo mwaka 2021 alitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi juu ya Unguja ya miaka ya 1950. Lugha yake ni tamu, ila mna mapenzi ya wazi. Hii haifai kutazamwa pamoja na watoto.

Sasa twamalizia kwa nasaha chache.

Kwanza, mzazi aitazame picha peke yake kabla ya watoto. Jina zuri si dhamana. Pili, wakati wa sala ni wa sala. Sisi tumeweka usiku wa Jumamosi baada ya Isha, mara moja kwa juma, basi. Tatu, picha ikiisha msiinuke upesi. Ulizeni: nani alikosea, nani alidhulumiwa, wewe ungefanyaje? Nne, msinunue nakala za wizi. Mali ya mtu ni mali ya mtu, hata ikiwa ndani ya kijiti kidogo cha kompyuta. Tano, mwenye kutaka kujua picha njema za pande zetu aangalie majina ya zile zilizopata tuzo katika tamasha la Nchi za Jahazi, lifanyikalo Unguja tangu mwaka 1998. Kisha arudi kwenye nasaha ya kwanza.

Wapo waliotuuliza msikitini, "Maalim naye ameingia banda la video?" Tuliwajibu kwamba banda liliingia nyumbani kwetu zamani, sisi tulikuwa tumelala. Na ikiwa miongoni mwenu yupo mwalimu aliyefuta jina la mtoto katika daftari lake, asingoje sinema. Na aende leo, baada ya Alasiri, kabla ya jua kuchwa.

Wabillahi tawfiq.