Muda wa Kusubiri: Clare Akamanzi na Miaka ya Vipimo Kigali

Mabadiliko ya utumishi wa umma mjini Kigali katika miaka 20 iliyopita yanaeleweka vyema zaidi kwa kufuatilia jambo moja, nalo ni muda ambao mwananchi anautumia kusubiri huduma, na namna muda huo ulivyoanza kuhesabiwa, kuandikwa na kudaiwa kwa kiongozi aliyeahidi kuupunguza. Hesabu hiyo ilipata mfumo wake mwaka 2006. Mwaka huo Rwanda iligawanywa upya kiutawala, mikoa 12 ikawa minne pamoja na Jiji la Kigali na wilaya 106 zikawa 30, na mwezi Aprili mameya wa wilaya hizo walitia saini imihigo mbele ya Rais Paul Kagame. Imihigo ni ahadi za utendaji zenye malengo yanayopimika, ambazo kiongozi huzitoa hadharani mwanzoni mwa mwaka na kuulizwa hadharani mwishoni mwake, na jina lake limetokana na desturi ya kale ya Wanyarwanda ya shujaa kujiwekea nadhiri mbele ya watu. Utaratibu huo ulianzia wilayani, lakini haukuchukua muda mrefu kuingia wizarani na katika mashirika ya serikali, na afisa yeyote aliyepanda ngazi Kigali katika miaka hiyo alipanda huku akijua kwamba takwimu zake zitasomwa.

Clare Akamanzi ni mmoja wa maafisa hao, na safari yake ya kazi inafaa kukumbukwa kwa sababu inapita karibu katika kila hatua ya mabadiliko yenyewe. Alizaliwa Uganda mwaka 1979 katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda, akasoma sheria katika Chuo Kikuu cha Makerere, kisha akapata shahada ya uzamili katika sheria za biashara na uwekezaji katika Chuo Kikuu cha Pretoria. Kazi zake za kwanza serikalini zilikuwa nje ya nchi, kwanza Geneva, katika uwakilishi wa Rwanda kwenye Shirika la Biashara Duniani, kisha London kama mwambata wa biashara. Mwaka 2006 alirudi Kigali kuwa naibu mkurugenzi mkuu wa RIEPA, shirika lililokuwa na jukumu la kuvutia wawekezaji na kukuza mauzo ya nje, akiwa bado hajafikisha miaka 30. Kwamba alianzia upande wa wanaoinadi nchi, kabla ya kukabidhiwa ofisi ambazo wageni walioitikia wito huo wangezikuta, si jambo dogo, kwa kuwa anayewaalika watu ndiye wa kwanza kusikia malalamiko yao.

Hali waliyoikuta wageni hao, pamoja na wenyeji ambao malalamiko yao hayakuwa yakisikika sana, ilikuwa ya kuzungushwa. Mtu aliyetaka kufungua kampuni alitakiwa kuhakiki jina mahali pamoja, kulipa ada mahali pengine, kupeleka katiba ya kampuni kwa mthibitishaji wa hati, kutangaza usajili wake gazetini, kisha kwenda kwa mamlaka ya mapato kuomba namba ya mlipakodi. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyokuwa ngumu yenyewe. Uzito wake ulitokana na ukweli kwamba kila ofisi ilikuwa na saa zake, mhuri wake na bosi wake, na hapakuwa na mtu hata mmoja serikalini aliyewajibika kwa safari nzima kutoka dirisha la kwanza hadi la mwisho, ndiyo maana jibu la "njoo kesho" halikumgharimu kitu yeyote aliyelitoa.

Hatua ya kwanza kubwa ya kuondoa hali hiyo ilikuwa kuunganisha mashirika. Mwaka 2008 taasisi nane, zikiwamo RIEPA, ofisi ya utalii na hifadhi za taifa iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa ORTPN, na wakala wa teknolojia ya habari RITA, ziliwekwa chini ya paa moja la Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, yaani RDB, kwa kuiga kwa kiasi mfano wa Singapore, na mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza akawa mfanyabiashara Mmarekani Joe Ritchie. Akamanzi alikuwa naibu mkurugenzi mtendaji mwenye dhamana ya shughuli na huduma za biashara, baadaye akawa afisa mkuu wa uendeshaji, cheo cha mtu anayehakikisha kwamba kinachotangazwa na wakubwa kinatendeka kweli kaunta. Vyeo vya namna hii havisifiwi sana katika vitabu vya historia, ingawa ndivyo vinavyobeba mageuzi.

Mageuzi yenyewe yalikuja kwa kasi mwaka 2009, na chombo chake kikuu kilikuwa sheria. Sheria mpya ya makampuni ya Aprili 2009 pamoja na taratibu zilizoambatana nayo ziliondoa ulazima wa mthibitishaji wa hati, zikaweka mfano mmoja wa katiba ya kampuni ambao mwombaji angeujaza tu, zikahamishia tangazo la usajili kwenye intaneti, na zikaunganisha uhakiki wa jina, malipo ya ada, usajili wa kampuni na usajili wa kodi kuwa hatua moja. Kwa vipimo vya Benki ya Dunia, hatua za kuanzisha kampuni zilishuka kutoka nane hadi mbili, na siku kutoka 14 hadi tatu. Uhamishaji wa milki ya ardhi, ambao kabla ya hapo ulihesabiwa kuchukua siku 315, ulishuka hadi siku 60, na ada yake, iliyokuwa asilimia 6 ya thamani ya mali, ilikuwa tayari imebadilishwa kuwa faranga 20,000 bila kujali thamani hiyo. Ripoti ya kila mwaka ya benki hiyo iitwayo Doing Business, ambayo ilizipanga nchi kwa wepesi wa kufanya biashara, iliipandisha Rwanda kutoka nafasi ya 143 hadi ya 67 kwa mkupuo, na kuitaja kuwa nchi iliyofanya mageuzi mengi kuliko zote duniani mwaka huo, sifa ambayo hakuna nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imewahi kuipata.

Kilichobadilika kinaonekana vizuri zaidi katika karatasi moja, cheti cha usajili wa kampuni. Mwombaji anajaza kwenye mtandao majina ya wanahisa, idadi ya hisa, aina ya shughuli na namba za vitambulisho, halipi ada ya usajili, na RDB imejifunga kumjibu ndani ya saa sita. Cheti kinapotoka kina namba, na namba hiyo ya kampuni ndiyo hiyo hiyo namba ya mlipakodi. Jambo hili ni la kiufundi, lakini nyuma yake yako makubaliano kati ya taasisi mbili zilizokuwa na daftari zao tofauti, moja ikikubali kuitambua kampuni kwa namba iliyotolewa na nyingine, na mtu aliyewahi kufanya kazi serikalini anajua ni vikao vingapi huhitajika kabla ofisi moja haijakubali daftari la jirani yake.

Hata hivyo kipimo chenyewe kilikuwa na mipaka, na haki ya kumbukumbu inataka mipaka hiyo itajwe waziwazi. Doing Business ilipima kampuni ya mfano yenye dhima ya kikomo, iliyofunguliwa katika mji mkubwa zaidi wa biashara wa nchi, na kwa hiyo karibu kila alama iliyopewa Rwanda ilikuwa alama ya Kigali. Mama muuza mboga wa Nyamagabe, fundi seremala wa Kirehe na msafirishaji mdogo wa Rusizi hawakuwamo ndani ya hesabu hiyo. Isitoshe, kusajili kampuni kwa saa sita hakumpi mwenye kampuni mkopo wala mteja wala barabara. Waliosifu nafasi za Rwanda, iliyofika ya 29 katika ripoti ya 2019 kabla ya kushuka hadi ya 38 katika ile ya 2020, mara nyingi walisahau kwamba nafasi ya nchi katika orodha na hali ya mfanyabiashara wake ni mambo mawili yanayokaribiana bila kuwa kitu kimoja.

Baada ya kusoma utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Harvard na kuongoza kitengo cha mikakati na sera katika Ofisi ya Rais, Akamanzi alirudi RDB Februari 2017, safari hii akiwa mkurugenzi mtendaji, akimrithi Francis Gatare. Miezi michache baadaye kulikuja uamuzi ulioonyesha kwamba ufanisi wa shirika haupimwi kwa kurahisisha tu. Mwezi Mei 2017 bei ya kibali cha kuwatazama sokwe wa milimani katika Hifadhi ya Volkano ilipandishwa mara mbili, kutoka dola 750 hadi 1,500, na sehemu ya mapato ya utalii inayorudishwa kwa jamii zinazoishi pembezoni mwa hifadhi ikapandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Waendesha utalii wengi walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa kuwa wageni wa kipato cha kati walikuwa na njia ya kwenda Bwindi upande wa Uganda kwa bei nafuu. Lakini sokwe ni wachache na hawawezi kutembelewa na umati, na uamuzi wa kupata fedha zaidi kwa wageni wale wale, huku mkulima anayepakana na hifadhi akiongezewa fungu lake, ulikuwa sahihi. Mwaka 2018 ulifuata mkataba na klabu ya Arsenal ya kuvaa maandishi ya "Visit Rwanda" kwenye mkono wa jezi, ambao ulizua mjadala mkali Ulaya kuhusu nchi maskini kulipa klabu tajiri. Mapato ya utalii yalifikia dola milioni 498 mwaka 2019, kisha ugonjwa wa korona ukayashusha hadi milioni 121 mwaka uliofuata, na uwekezaji uliosajiliwa ukaanguka kutoka dola bilioni 2.46 hadi bilioni 1.3. Anguko hilo halikutokana na uzembe wa afisa yeyote, na linakumbusha kwamba mkataba wa utendaji unaohesabu matokeo pekee humhukumu mtu hata kwa yale asiyoyamudu.

Mwezi Septemba 2021 Benki ya Dunia ilitangaza kuifuta ripoti ya Doing Business, baada ya uchunguzi kubaini kwamba takwimu za baadhi ya nchi, zikiwamo China na Saudi Arabia, zilikuwa zimechezewa. Rwanda haikuwa miongoni mwa nchi zilizotajwa, ila ilipoteza kipimo ambacho kwa zaidi ya muongo ilikuwa imejipima nacho mbele ya dunia. Huo ulikuwa mtihani wa kweli wa mageuzi ya 2009, kwa sababu mageuzi yaliyofanywa kwa ajili ya kumridhisha mpimaji hulegea pale mpimaji anapoondoka. Usajili haukurudi kwenye madirisha mengi, ada haikurudishwa, na namba moja iliendelea kutumika, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa yamekwisha kuwekwa katika sheria na mazoea ya kazi ya watumishi wa kaunta. Hapo ndipo sifa ya Akamanzi na wenzake inapostahili kuwekwa, kuliko katika namba 29.

Akamanzi aliondoka RDB Septemba 2023, nafasi yake ikarudi kwa Gatare, na Januari 2024 akaanza kuiongoza NBA Afrika, ambayo ligi yake ya mpira wa kikapu ilikuwa imezinduliwa Kigali Mei 2021. Benki ya Dunia nayo ilitoa kipimo kipya mwezi Oktoba 2024, kiitwacho B-READY, kinachotazama nguzo tatu, yaani sheria zilizopo, huduma za umma zinazotekeleza sheria hizo, na ufanisi anaouona mfanyabiashara mwenyewe. Katika nguzo ya ufanisi Rwanda ilivuka alama 80 kwa 100 na kuwa miongoni mwa nchi za juu kabisa kati ya 50 zilizopimwa, lakini alama yake ya chini zaidi ilikuwa katika huduma za umma, ambayo haikufika 70. Deni hilo sasa liko mikononi mwa Jean-Guy Afrika, aliyeteuliwa kuiongoza RDB Januari 2025, na wanaostahili kulipwa kwanza ni wafanyabiashara wa nje ya Kigali, ambao kipimo cha zamani hakikuwahi kuwahesabu.