Taa za Majilio: Bethlehem, Nazareth, Lititz na Tukuyu

Wamarekani husherehekea Sikukuu ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, na familia nyingi huiunganisha na wikendi nzima. Bata mzinga akishaliwa, Ijumaa watu humiminika madukani. Safari hii mama mkwe wangu, muumini wa Kanisa la Moravian la Tukuyu, Tanzania, tangu kuzaliwa, alikuwa ametutembelea, na alitaka kuona wenzake wa huku wanavyoyapokea Majilio. Tukapakia watoto na makoti kwenye gari, tukaelekea Pennsylvania, kwenye miji iliyoanzishwa na Wamoravian karne ya 18. Haya ndiyo niliyoyaandika njiani.

Bethlehem

Mwishoni mwa Novemba jua la huku huzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo watoto hupata muda wa kutosha kutazama taa kabla ya kulala. Mji ulianza mwaka 1741, na jina lake ulipewa mkesha wa Krismasi, Zinzendorf, mlezi wa Wamoravian kutoka Ujerumani, akiwepo. Tangu 1937 unajiita Mji wa Krismasi, na nyota kubwa ya umeme iliyo juu ya South Mountain humpokea mgeni angali mbali.

Mto Lehigh unaugawa mji, na taa zimegawanyika pia. Kaskazini, kwenye nyumba za mawe za waasisi, taa ni nyeupe tupu, na dirisha baada ya dirisha lina mshumaa mmoja wa umeme. Kusini, upande wa kiwanda cha Bethlehem Steel, taa ni za rangi zote. Matanuri ya kuyeyushia chuma yalizimwa mwaka 1995, lakini hayakubomolewa. Usiku humulikwa kwa rangi, na chini yake watu hukutana kwa muziki na soko la Krismasi. Wanangu walipenda kusini. Bibi yao alisema kaskazini kunamtosha: mshumaa mmoja, dirisha moja.

Kilichotushika kuliko vyote ni mandhari ya kuzaliwa Yesu inayotengenezwa kila mwaka na waumini. Kuvumwani halisi limetandazwa juu ya visiki, na kati yake wamepangwa watu na kondoo wadogo wa mbao. Taa za chumba zikazimwa, msimulizi akaanza. Alipomtaja Mariamu, taa ndogo ikawaka juu ya Mariamu na malaika peke yao. Ikazimika, nyingine ikawaka kwa wachungaji kondeni, kisha nyingine horini. Hakuna kilichotembea wala kurukaruka, lakini watoto waliozoea katuni hawakupepesa macho. Taa ilifanya kazi ya kidole cha babu anayesimulia, kikionyesha pa kutazama.

Asubuhi tulipita makaburini. Mawe yote yamelazwa chini, yanalingana, tajiri hana lake kubwa. Wamo Wazungu, wenyeji wa asili wa Marekani na Waafrika, miongoni mwao Andrew, Mwigbo aliyefariki mwaka 1779. Mama alisimama hapo muda mrefu. Wamoravian wa Bethlehem walimiliki watumwa, na usawa wa mawe haufuti ukweli huo. Niliwaeleza wanangu yote mawili, kwa sababu yote mawili ni historia ya mji huu. Mwaka 2024 Bethlehem, pamoja na makazi mengine ya Wamoravian, Herrnhut ya Ujerumani na Gracehill ya Ireland ya Kaskazini, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Nazareth

Ni kilomita kama 16 tu kaskazini mwa Bethlehem. Mji unajulikana zaidi kwa magita ya Martin, yanayotengenezwa huko tangu miaka ya 1830. Taa ni chache na mitaa imetulia. Anayetaka mapambo atatosheka na nusu saa. Anayetaka kutembea na mzee bila kusukumana, hapa ndipo.

Lititz

Kutoka Nazareth ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Kwa takriban miaka mia moja ya mwanzo Lititz ilikuwa ya Wamoravian peke yao. Watoto walisokota unga kwenye kiwanda cha Sturgis, kinachooka mikate migumu ya chumvi tangu 1861, na mikono yao ikanuka mkate hadi jioni.

Giza lilipoingia, vibaraza vilianza kuwaka nyota ya Moravian. Ni nyota ya ncha 26, nyeupe au ya manjano hafifu, yenye balbu moja ndani. Ilibuniwa miaka ya 1830 katika shule ya wavulana ya Niesky, Ujerumani, kama zoezi la jiometri: wanafunzi walikata karatasi, wakakunja, wakabandika kwa gundi. Hutundikwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na hukaa hadi Epifania. Bethlehem ina taa nyingi zaidi, lakini kwangu Lititz ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa kuwa hapa nyota hutundikwa na mwenye nyumba kwa mkono wake, si na manispaa.

Tukuyu

Usiku, chai mkononi, mama alitupa ya kwao. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, wilaya ulipo mji wa Tukuyu, mwaka 1891, na leo hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Desemba ni mvua na matope. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam huja yamejaa, kanisa hupambwa kwa matawi, karatasi za rangi na puto, na nyumbani mbalaga, mlo wa ndizi, haikosekani. Alipoambiwa kwamba matarumbeta ya Wamoravian wa Bethlehem yanapigwa tangu 1754, alifurahi kama aliyesikia habari za ndugu. Ya kwao pia hupigwa. Ila nyota hii ya ncha 26 hakuikuta utotoni mwake.

Hapo ndipo ninapoliona somo la wikendi hii. Bethlehem ina fedha na umeme wa kupamba mji mzima, lakini kilichotugusa kote tulikopita ni vitu ambavyo havihitaji fedha nyingi: mshumaa dirishani, kuvumwani juu ya visiki, nyota ya karatasi. Kila kimoja kina sababu, na mtoto akiuliza, mtu mzima ana jibu la kumpa. Shule yoyote ya Rungwe yenye manila, rula, mkasi na gundi inaweza kuitengeneza nyota hiyo darasani, kama walivyofanya Niesky. Mama ameomba kipimo cha ncha zake. Tumemchorea kwenye karatasi, na mwalimu wa hesabu wa kwao ndiye atakayekabidhiwa kwanza.