Tusimwache Mama Baada ya Matanga

Sisi tuliozoea zamu za usiku wodini tunamfahamu mama anayekesha kando ya mwanawe asiye na fahamu. Humshika mkono na kumwita kwa jina la utotoni. Tukimwambia, "Mama, nenda ukapumzike," haondoki.

Tulimkumbuka mama huyo tulipojifunza habari za Bae Eun-sim wa Korea Kusini. Mwanawe, Lee Han-yeol, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yonsei, Seoul, mwenye umri wa miaka 20. Mwaka 1987 nchi ilitawaliwa na jemadari Chun Doo-hwan, aliyetwaa madaraka kwa nguvu, na vijana walidai wananchi wamchague rais wenyewe. Tarehe 9 Juni, langoni mwa chuo, kombora la gesi ya machozi lilimpiga kijana huyo kisogoni. Umati wa watu ukajaa barabarani, na tarehe 29 Juni watawala wakaukubali uchaguzi huo. Yeye hakupata kujua. Alifariki tarehe 5 Julai bila kuzinduka. Desemba mwaka huo wananchi walipiga kura.

Wengi wangesema yamekwisha. Kwa mama ndipo yalipoanza. Bae Eun-sim alijiunga na wazazi wengine waliofiwa na watoto wao katika kudai haki. Kati ya mwaka 1998 na 1999 walikaa mbele ya Bunge kwa siku 422, mpaka zikapitishwa sheria za kuchunguza vifo vya mashaka na kuwarudishia heshima wapendwa wao. Hakuacha kazi hiyo hadi alipofariki Januari 2022.

Habari hizi zilituchoma moyo. Sisi tunaotembelea wafiwa kwa niaba ya kanisa tulikuwa hodari wa kupika na kuimba msibani. Tanga likishaanuliwa, hatukurudi. Mama mmoja aliyepoteza kijana wake alituambia bila hasira, "Mlinizika pamoja naye." Hatukuwa na la kujibu.

Siku hizi tunarudi. Hatuendi na hotuba. Tunachambua naye mchicha, na tunalitaja jina la mwanawe, maana ndilo analotamani kulisikia, na wengine wote wameogopa kulitamka.

Dada mpendwa, je, yuko mama uliyemwacha baada ya maziko? Mwendee juma hili.