Taa Nyekundu Kwenye Simu

Nilipohamia kliniki nyingine hapa Uingereza, nilirithi simu ya muuguzi aliyestaafu. Taa nyekundu ilikuwa ikiwaka: kuna ujumbe wa sauti. Namba ya siri aliondoka nayo. Siku tatu nikaipuuza.

Nilipowapigia mafundi, waliibadilisha kwa dakika mbili, na hakuna ujumbe uliofutika. Wa kwanza ulikuwa wa bibi mmoja, akiuliza kama aendelee na dawa ya kuzuia damu kuganda. Nikampigia haraka. Alikuwa ameiacha, akingoja jibu letu. Namshukuru Mungu, alikuwa mzima.

Namba mpya ilikuwa 1234. Niliibadilisha papo hapo, maana siri za wagonjwa hazifungwi kwa namba inayojulikana na kila mtu.

Ndugu yangu, ukihama ofisi, kabidhi simu kabla hujaaga.