Mipaka Niliyoitumikia

Kazi niliyoifanya katika serikali ya mji wa Dar es Salaam, na hasa katika upande wake wa Ilala, haikuwa kazi ya kuonekana, kwa kuwa sikuwahi kuwa meya wala mkurugenzi wala diwani. Nilikuwa karani wa masijala, kisha mtendaji wa kata, na mwishoni nikakabidhiwa majalada ya mipaka ya kata na mitaa, na katika nyadhifa zote hizo jambo lililokuwa mikononi mwangu lilikuwa moja tu, nalo ni kujua kwa yakini mtu fulani anakaa upande gani wa mpaka, na kwa hiyo ni nani mwenye dhamana ya kumjibu anapobisha hodi. Wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya wachora ramani na wapimaji. Rai yangu, baada ya umri niliokwisha kuutumia humo, ni kwamba mpaka ni ahadi ya serikali kwa raia, na ahadi hiyo ikiandikwa ovyo, raia hubaki hana mlango wa kuuendea.

Niliajiriwa mwaka 1978, mwaka ambao sheria ya muda ilizirudisha halmashauri za miji zilizokuwa zimefutwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, madaraka yalipohamishiwa mikoani. Na sababu za kuzirudisha hazikuwa siri kwa yeyote aliyekaa mjini zama zile, maana mifereji ilikuwa imeziba, taka zilikuwa zikilala barabarani, na kipindupindu kilikwisha kupita majumbani. Halmashauri ilirudi, lakini kumbukumbu zake hazikurudi nayo. Masijala nilimopangiwa ilikuwa na majalada yaliyofungwa kwa kamba ya katani, mengine yameliwa na mchwa kuanzia pembeni hata ukasoma nusu ya sentensi tu, na ndani yake ilikuwamo mihtasari ya vikao vya tangu mji ulipopata hadhi ya manispaa mwaka 1949, na ya siku za Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wake, na ya baada ya tarehe 10 Desemba 1961, siku mji ulipotangazwa kuwa jiji. Zilikuwamo pia ramani za kale zilizoonyesha mji uliogawanywa kwa rangi za watu, Wazungu upande wa bahari, Wahindi kati, Waafrika Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi uwe kitenganisho. Huo ulikuwa mgawo ulioanzishwa na Wajerumani na kudumishwa na Waingereza, ambao mpaka leo ukitembea kwa makini utauona katika upana wa njia na ukubwa wa viwanja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee aliyekuwa karani tangu enzi za manispaa, akaitwa tena kutoka nyumbani kwa sababu yeye pekee alijua jalada gani limewekwa wapi. Aliniambia, "Mwanangu, usiandike mpaka ambao hujautembea kwa miguu," nami nikaitikia, "Naam, mzee wangu," bila ya kufahamu uzito wa usia ule. Nikaufahamu baadaye, nilipoliona tangazo lililosema mpaka uanzie kwenye mwembe mkubwa, ilhali mwembe ulikwisha kukatwa na mahali pake pamejengwa nyumba mbili.

Sheria kuu za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982, namba 7 kwa mamlaka za wilaya na namba 8 kwa mamlaka za miji, zikaanza kutenda kazi mwaka 1984, na Katiba nayo ikazithibitisha serikali za mitaa katika ibara za 145 na 146. Katika sheria hizo mbili imo tofauti ambayo sijaacha kuisikitikia. Kijiji kilichoandikishwa ni mtu mbele ya sheria: kinamiliki mali, kinashitaki na kushitakiwa, kina halmashauri yake. Mtaa wa mjini, hata ukiwa na watu mara kumi ya wale wa kijiji, hauna hadhi hiyo. Una mwenyekiti aliyechaguliwa, una kamati ya wajumbe wachache, una mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri, na una mkutano wa wakazi, lakini hauna fedha iliyo yake kwa haki, na aghalabu ofisi yake ni chumba cha kupanga kilichopakana na duka.

Na chumba hicho ndicho serikali anayoifahamu mwananchi. Nilipopelekwa katani kuwa mtendaji, katika miaka ya tisini, baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992 na wenyeviti wa mitaa kuchaguliwa mwaka 1994, niliona jinsi kila jambo la mtu linavyopitia hapo: anayetaka hati ya kusafiria aanze na barua ya utambulisho ya mtaa, anayemdhamini ndugu yake mahakamani aje na barua ya mtaa, anayeuza nyumba amwite mwenyekiti awe shahidi, na jirani aliyemwagiwa maji machafu mlangoni aje na ghadhabu zake pale pale. Mwenyekiti mmoja niliyemheshimu sana alikuwa akiuweka mhuri wa mtaa katika kitambaa cheupe ndani ya kasha lenye kufuli, na kila alipougonga juu ya karatasi alimtazama usoni mwenye kuomba, akamuuliza jina la jirani yake wa kushoto na wa kulia. Kwani mhuri ule ulikuwa ushahidi kwamba mtu huyu anajulikana na watu.

Nitaeleza shauri moja kwa urefu kidogo, kwa sababu ndani yake imo kazi yangu yote. Palikuwa na kijito kilichozigawa kata mbili, nisizozitaja, na juu yake magogo mawili ya mnazi waliyopita watoto kwenda shule. Masika yakija, magogo yalichukuliwa na maji, na watoto wakavushwa mabegani. Kamati ya maendeleo ya kata ya kwanza iliandika katika muhtasari wake kwamba kivuko ni cha kata ya pili. Kamati ya kata ya pili ikaandika kinyume chake. Na hali ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, mihtasari yote miwili ikiwa imeandikwa kwa hati nzuri na kuidhinishwa kwa nidhamu. Nilitoa tangazo la mipaka katika jalada, nikawaomba madiwani wote wawili tukutane kijitoni, tukasimama topeni nami nikalisoma kwa sauti: mpaka ufuate kijito. Basi nikasema, "Waheshimiwa, ukifuata kijito maana yake ni katikati ya maji, nusu ya kivuko hiki ni yako, mheshimiwa, na nusu ni yako." Mama mmoja aliyekuwa akifua akaacha kufua akaja kusikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu akianguka katikati, nimlilie nani?" Hapana aliyemjibu. Lakini makadirio ya mwaka uliofuata yaliandikwa kwa mafungu mawili yaliyolingana, moja katika kila kata, na kivuko cha zege kikajengwa, kina vizuizi vya chuma pande zote mbili.

Mto ni mpaka mgumu kuliko njia, na Msimbazi ni mgumu kuliko mito yote niliyoijua, maana unashuka kutoka vilima vya upande wa Pugu, unapita kati ya watu, na kila ukifurika huhamisha kingo zake, hata pale Jangwani, ambapo ng'ambo moja ni Ilala na ng'ambo ya pili ni Magomeni katika Kinondoni, mstari wa karatasini na mstari wa maji hauwi mmoja. Desemba 2011 mafuriko yalipoingia bondeni nilikuwa miongoni mwa walioandikisha waathirika waliotakiwa kupelekwa Mabwepande, mbali kaskazini, katika halmashauri nyingine. Nilimkuta bibi ameketi juu ya kitanda chake nje, godoro likidondosha maji. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Andika jina langu, lakini uniambie: nikienda huko, nani atanijua?" Sikuwa na safu ya kuliandika swali lile katika fomu yangu, nami naliona kuwa ndilo swali lililostahili kuulizwa kwanza na wote tuliopanga uhamisho ule.

Liko jambo la Kariakoo pia. Usiku kata ile ina wakazi wachache, kwa kuwa nyumba za udongo za wenyeji zimegeuka maghorofa ya biashara. Mchana huingia umma wa watu kutoka kila wilaya, na hata kutoka nchi jirani, wakaacha taka, wakatumia vyoo, wakachakaza njia. Ukigawa huduma kwa hesabu ya wanaolala, Kariakoo hupunjwa. Ukigawa kwa hesabu ya kodi, hupunjwa kata za Kitunda na Chanika, zenye watu wengi na maduka machache. Nami naona insafu ni kuhesabu mzigo: taka kwa tani, njia kwa magurudumu, zahanati kwa wagonjwa. Fauka ya hayo, taka za mji mzima huishia Pugu Kinyamwezi, na wakazi wa huko huvumilia harufu ya shughuli zisizo zao. Na kabla yao wakazi wa Tabata, waliokuwa na jaa mlangoni, ilibidi waende Mahakama Kuu mwaka 1988 ndipo wasikilizwe.

Halmashauri ya jiji ilivunjwa mwaka 1996 ikawekwa Tume, na mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na jiji likibaki juu yao. Baadaye Ubungo ikatoka katika Kinondoni, na Kigamboni katika Temeke. Sensa ya 2012 iliihesabia Ilala peke yake watu 1,220,611, na kwa wingi huo ombi la kugawa kata halikuwa likikatika mezani kwangu. Lilianzia mkutano wa mtaa, likapita kamati ya kata, baraza la madiwani, kamati za ushauri za wilaya na mkoa, mpaka kwa waziri.

Nilikwisha kustaafu mwezi Februari 2021, baraza la jiji lilipovunjwa na Ilala kupandishwa ikawa ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, hata leo mtu wa Temeke yumo katika mkoa wa Dar es Salaam wala hayumo katika jiji lake. Mabadiliko haya ya juu sina ugomvi nayo. Ninaloliomba, na nimeliomba kwa maandishi kila nilipopewa nafasi, ni kwamba mtaa upewe katika sheria namba 8 kile ambacho kijiji kilipewa katika sheria namba 7: jina lake mbele ya mahakama, akaunti yake, kiwanja cha ofisi yake, na sehemu iliyotajwa kwa kiwango ya mapato yanayokusanywa ndani yake, na kwamba kabla ya mpaka wowote wa mtaa kuandikwa, mtendaji na wajumbe wautembee pamoja, wakiwa na wakazi wa pande zote mbili.