Jembe moja na kilo 4 za maharagi

Goma – Mwezi wa Februari 2025, wakati kambi ya Bulengo ilipovunjwa, mama mmoja wa Masisi alibaki na watoto wanne na sufuria mbili. Alipokelewa kwa shemeji yake mtaani Ndosho, akaanza kuuza makala kwa vifuko vidogo. Kila aliyemuuliza anataka nini, alimjibu: «Nataka maisha irudi kama zamani.» Ilikuwa kweli, lakini jibu hilo halikumwonyesha la kufanya kesho asubuhi.

Mwezi wa Julai, wamama kumi wa mtaani walianza likirimba. Mabenki ya Goma yalikuwa yamefunga milango tangu mwisho wa Januari, kwa hiyo walitegemeana wenyewe. Kila Jumamosi kila mmoja alitoa faranga 3 000, na mmoja alipokea 30 000. Kabla ya kupanga zamu, mama mkubwa wa kikundi aliwauliza wote maswali matatu: Unataka kitu gani? Ni bei gani? Unakihitaji lini?

Mama wa Masisi alifikiri. Msimu A wa kilimo unaanza Septemba. Jembe, faranga 15 000. Maharagi ya mbegu kilo 5, faranga 15 000. Alisema hivyo mbele ya wenzake, akapewa zamu ya nane, mwisho wa Agosti. Ilimpasa kuweka faranga 500 kila siku, siku sita kwa juma.

Juma la nne mtoto alishikwa na malaria, pesa yote ikaishia kwenye dawa. Mama aliona haya, akataka kujitoa. Lakini jirani yake alijua hesabu ile, akamlipia, wakapatana atarudishiwa siku ya zamu. Siku hiyo ilipofika, mama alibaki na 27 000. Alinunua jembe na kilo 4. Njia ya Masisi bado ilimtia wasiwasi, basi alipanda kwenye kipande cha shamba alichoazimwa karibu na Sake.

Mzazi unayesikiliza, amani ya kijiji chako haiko mikononi mwako peke yako. Faranga 500 ya leo inaweza kuwa. Chagua kitu kimoja, kitaje kwa bei na tarehe, umwambie jirani unayemwamini. Na ikipungua kilo moja, panda zile nne.